Mguu Unapovimba, Moyo Nao Usikilizwe

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu mishipa inayovimba miguuni, milango ya moyo, na njia ya kupata matibabu



Mada ya leo ni mishipa inayovimba na kujipinda miguuni. Ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtu mwenye mishipa hiyo. Huonekana juu ya ngozi ya paja au ya muundi kama kamba za rangi ya samawati, na mwenye nayo huhisi uzito wa miguu kila jua linapotua. Wengi huiita mishipa ya uzee, wengine husema ni mishipa ya kazi, na wapo wanaoamini kwamba mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Kwa imani hizo, mtu hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa dawa za kuchua, huchanjwa chale, au hununua dawa ya maumivu dukani na kuendelea na shughuli zake.

Jambo kuu la mazungumzo haya ni moja. Mara nyingi mshipa uliovimba mguuni ni tatizo la mguu wenyewe, na una tiba inayojulikana. Lakini kwa baadhi ya watu, miguu inayovimba ni taarifa kutoka moyoni kwamba mlango mmojawapo wa moyo umeharibika. Mtu wa namna hiyo akitibiwa mguu pekee, ugonjwa wenyewe huendelea kukua ndani ya kifua. Kwa sababu hiyo, kila mwenye miguu iliyovimba anastahili kupimwa mguu na kusikilizwa moyo kabla ya kuanza tiba yoyote.

Milango ya damu

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kujua damu inavyosafiri. Moyo husukuma damu kwenda mwilini kwa njia ya mishipa iitwayo ateri. Damu ikishamaliza kazi yake hurudi moyoni kwa njia ya mishipa iitwayo vena. Kwa mtu aliyesimama, damu ya miguuni inatakiwa kupanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani. Kazi hiyo ya kuipandisha hufanywa kwa sehemu kubwa na misuli ya shavu la mguu. Mtu anapotembea, misuli hiyo hukaza na kulegea, na kila ikikaza huzibana vena na kuisukuma damu juu.

Ndani ya vena hizo kuna milango midogo iliyo kama vikuta laini vya ngozi. Hufunguka damu inapopanda na kufunga inapotaka kurudi chini. Daktari Hieronymus Fabricius, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Padua nchini Italia, aliieleza kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, naye aliiita kwa Kilatini neno lenye maana ya vilango. Mwanafunzi wake kutoka Uingereza, William Harvey, aliitafakari milango hiyo na kufanya majaribio ya kufunga mkono kwa kitambaa na kutazama damu ielekeako. Mwaka 1628 alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, ikitoka moyoni na kurudi moyoni. Hivyo vilango vya vena ni sehemu ya ushahidi uliomwezesha kuuelewa moyo.

Moyo nao una milango yake minne, ambayo madaktari huiita valvu. Miwili ipo upande wa kulia, unaopokea damu inayorudi kutoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Miwili ipo upande wa kushoto, unaopokea damu safi kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku moja, na kila pigo linahitaji milango hiyo ifunguke vizuri na ifunge barabara. Mlango unaweza kuharibika kwa namna mbili: ama unakuwa mwembamba na kuzuia damu kupita, ama unashindwa kufunga na damu inavuja kurudi ilikotoka.

Tatizo linapokuwa la mguu wenyewe

Vilango vya vena za mguu vikilegea, damu inayopanda huteleza na kurudi chini. Vena hujaa, hutanuka, na mwishowe hujipinda kama mzizi. Hali hii hurithiwa katika baadhi ya familia. Huongezeka kadiri umri unavyosogea, kwa wenye uzito mkubwa, kwa wanawake waliobeba mimba kadhaa, na kwa wanaosimama muda mrefu bila kutembea. Mama lishe anayekesha mbele ya jiko, mwalimu anayesimama ubaoni, kinyozi, msusi, mlinzi wa getini na muuza duka wote wamo katika kundi hili.

Dalili zake ni miguu mizito, kuwashwa kwa ngozi, kubanwa na misuli usiku, na uvimbe wa kifundo unaopungua baada ya kulala. Hali ikiachwa miaka mingi, ngozi ya juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, hugeuka rangi na kuwa ngumu. Hatimaye kidonda kinaweza kujitokeza hapo na kukataa kupona kwa miezi au hata miaka.

Tiba yake huanza na mambo mepesi: kutembea kila siku, kupunguza uzito, kuepuka kusimama kwa saa nyingi, na kuinua miguu wakati wa mapumziko. Zipo pia soksi maalumu za kubana, ambazo huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba na kuvuliwa wakati wa kulala. Pale ambapo mambo hayo hayatoshi, hospitali kubwa zina njia za kuuziba mshipa mbovu kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, kuudunga dawa yenye povu inayoufanya ujifunge, au kuuondoa kwa upasuaji. Damu hutafuta vena nyingine zenye afya na safari yake huendelea, maana mguu una vena nyingi.

Kama habari ingeishia hapo, mazungumzo haya yangekuwa mafupi. Lakini tiba hizo zote zinafanya kazi vizuri kwa sharti moja: kwamba tatizo lipo mguuni.

Tatizo linapotoka moyoni

Fikirini mto unaoingia ziwani. Ziwa likijaa kupita kiasi, maji ya mto hurudi nyuma na kufurika mashambani, hata kama kingo za mto ni nzima. Ndivyo inavyokuwa pale upande wa kulia wa moyo unapojaa. Vena zote za mwili zinaelekea huko, na upande huo ukishindwa kupokea, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye ini, tumboni na miguuni.

Hali hii mara nyingi huanzia upande wa kushoto. Mlango wa mitrali, uliopo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, ukiwa mwembamba au ukivuja, damu hurundikana kwenye mapafu. Upande wa kulia hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili kuishinda damu hiyo iliyorundikana. Baada ya miaka kadhaa hutanuka na kuchoka. Unapotanuka, mlango wake mkubwa, uitwao trikaspidi, hushindwa kufunga. Tangu hapo, kila moyo unapopiga, sehemu ya damu hurushwa nyuma kwenye vena badala ya kwenda mbele kwenye mapafu.

Shinikizo hilo likidumu, vena za miguu nazo hutanuka na vilango vyake huachana. Kwa wagonjwa wachache ambao mlango wa trikaspidi unavuja sana, mshipa uliovimba mguuni huonekana ukidunda sawasawa na mapigo ya moyo. Jambo hilo ni nadra, lakini likionekana lisipuuzwe hata kidogo. Vena ya kawaida ya mguu haidundi.

Wapo wasiokuwa na mshipa unaodunda lakini wana dalili nyingine zinazoelekeza kwenye moyo. Kila mwananchi anaweza kuzitambua:

Miguu yote miwili huvimba kwa pamoja, na ukibonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde chache, shimo hubaki.

Mgonjwa huishiwa pumzi akipanda kilima kidogo au akibeba ndoo ya maji ambayo zamani aliibeba bila shida.

Hawezi kulala chali. Huongeza mito, au huamka usiku akitafuta hewa.

Moyo hudunda ovyo au kwa kasi hata akiwa amekaa.

Tumbo hujaa, huhisi maumivu chini ya mbavu za kulia, na mishipa ya shingo huonekana imetuna akiwa ameketi.

Uzito huongezeka kwa kasi, kwa mfano kilo 2 ndani ya siku tatu, ilhali chakula hakijaongezeka. Uzito huo ni maji.

Mtu mwenye mishipa iliyovimba miguuni pamoja na hata moja ya dalili hizi asianze kufikiria soksi wala upasuaji wa mguu. Aende kusikilizwa moyo.

Gharama ya kutibu mguu na kuusahau moyo

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani kuanza na mguu, kisha moyo ukafuata? Ubaya upo, na unafaa kuelezwa wazi.

Kwanza, soksi au bandeji ya kubana huyasukuma maji ya miguuni kurudi katika mzunguko wa damu. Moyo wenye afya huyapokea bila taabu. Moyo uliokwisha kulemewa unaweza kuzidiwa, na mgonjwa akajikuta anahema kwa shida usiku uleule. Hata kuinua miguu juu kwa muda mrefu, jambo jema kwa wengine, humzidishia mgonjwa huyu kukosa pumzi. Aidha, soksi hizo ni hatari kwa mtu ambaye ateri za miguu zimeziba, wakiwemo baadhi ya wagonjwa wa kisukari na wavutaji wa sigara, kwa kuwa hupunguza damu kidogo iliyokuwa ikifika kwenye vidole. Ndiyo maana mapigo ya mguuni hupimwa kwanza.

Pili, kuudunga au kuukata mshipa ambao umebeba shinikizo kubwa kutoka moyoni kunaweza kusababisha kutokwa damu nyingi. Na hata kazi ikienda salama, shinikizo lililouvimbisha mshipa wa kwanza bado lipo, nalo litauvimbisha wa pili.

Tatu, dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia maji na chumvi kutoka mwilini. Mwenye moyo dhaifu akizimeza kila siku kwa ajili ya maumivu ya miguu, anauongezea moyo mzigo na kuziumiza figo.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, muda hupotea. Mlango wa moyo ulioharibika kidogo una tiba nyingi. Ulioachwa hadi moyo mzima ukachoka una tiba chache, na matokeo yake hayatabiriki. Mama wa miaka 35 aliyezunguka kwa miaka mitatu akitafuta dawa ya miguu anaweza kufika kwa daktari wa moyo akiwa amechelewa kwa miaka hiyo mitatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa moyo, wakati mwingine hata ukuta wenyewe haujengeki tena.

Ufa unaanzia kooni

Katika nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Tanzania, chanzo kikubwa cha kuharibika kwa milango ya moyo kwa watoto na vijana ni homa ya rumatiki. Homa hii huanza kwa maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria wa aina ya streptokoka. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, hasa wanaoishi katika nyumba zenye msongamano.

Wiki mbili au tatu baada ya koo kuuma, kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana na bakteria hao hukosea shabaha na kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Mtoto hupata homa, na viungo vikubwa huvimba na kuuma kwa zamu: leo goti, kesho kutwa kiwiko, halafu kifundo. Wengine hupata mitikisiko ya mikono na uso wasiyoweza kuizuia. Maumivu ya viungo hupita, na wazazi hushukuru. Moyo haujapona. Kila shambulio jipya huacha kovu jingine kwenye milango, na miaka 10 au 20 baadaye kijana huyo, sasa akiwa mzazi, huanza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu.

Habari njema ni kwamba mlolongo huu unakatika kwa dawa ya bei nafuu. Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, humkinga mtoto na homa ya rumatiki. Si kila koo linahitaji dawa hiyo. Koo linaloambatana na mafua na kikohozi mara nyingi husababishwa na virusi. Lakini mtoto mwenye homa, anayeumia kumeza, mwenye tezi za shingo zilizovimba na zinazouma, asiyekuwa na kikohozi, apelekwe zahanati apimwe. Akiandikiwa vidonge amalize dozi yote hata kama koo limetulia siku ya tatu. Mzazi amweleze mhudumu iwapo mtoto amewahi kudhurika kwa dawa ya penisilini.

Inabidi kusema neno pia kuhusu kukata kimeo. Wapo wanaompeleka mtoto mwenye koo bovu kukatwa kimeo. Kisu hicho hakiwaui bakteria waliopo kwenye koo, na huacha kidonda kinachoweza kutoka damu nyingi au kuingiwa na maambukizi. Wakati familia inasubiri kidonda kipone, zile siku 9 zinakwisha.

Kwa mtoto ambaye tayari amepata homa ya rumatiki, kinga yake ni sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi kadiri daktari atakavyoelekeza. Sindano hiyo inauma, na mtoto anayejiona mzima huona hakuna sababu ya kwenda. Hapo ndipo mzazi na mwalimu wanapohitajika. Ruhusa ya mwalimu ya nusu siku kila mwezi inaweza kuuokoa moyo wa mwanafunzi. Uzito wa jambo hili umetambuliwa kimataifa: mwezi Mei mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo.

Kina mama wajawazito

Mimba huleta mishipa ya miguu kwa wanawake wengi, na kwa kawaida hupungua baada ya kujifungua. Hata hivyo, mimba pia huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya kiwango cha awali. Mlango wa moyo uliokuwa mwembamba na kuvumilia kwa miaka mingi bila dalili huweza kushindwa katika kipindi hicho. Mjamzito mwenye miguu iliyovimba ambaye pia anahema kwa shida, analala akiwa ameketi au anakohoa usiku, asiambiwe kwamba ndivyo mimba zilivyo. Aeleze yote kliniki. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono pamoja na maumivu ya kichwa nao ni dalili ya hatari, kwa kuwa huweza kuwa kifafa cha mimba kinachoanza. Mama mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba.

Njia ya matibabu

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mgonjwa hupimwa shinikizo la damu na mapigo, na moyo na mapafu husikilizwa. Mlango unaovuja au uliobana hutoa sauti ya mvumo ambayo mtaalamu huisikia kwa kifaa chake. Akiwa na shaka, humwandikia mgonjwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambako kipimo cha eko hutakiwa. Eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haiumizi, haina mionzi, na huonyesha kila mlango unavyofunguka na kufunga. Kipimo cha namna hiyo hiyo kikielekezwa mguuni huonyesha damu inavyokwenda ndani ya vena, na kama kuna bonge la damu.

Ikibainika kwamba moyo ndio chanzo, tiba huanza kwa dawa za kutoa maji mwilini na za kutuliza mapigo, pamoja na kupunguza chumvi. Kwa wengi, uvimbe wa miguu hupungua kwa dawa hizo. Mlango wa mitrali uliobana unaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa ndani ya mshipa wa paja, mbinu iliyobuniwa na daktari Mjapani Kanji Inoue katika miaka ya 1980. Ulioharibika zaidi hukarabatiwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015, hufanya upasuaji wa milango ya moyo.

Aliyewekewa mlango wa chuma hutumia dawa ya wafarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye mlango huo, na hupimwa damu mara kwa mara ili kiwango cha dawa kiwe sahihi. Asichanganye dawa hiyo na mitishamba wala dawa za maumivu bila kumuuliza daktari. Wanawake walio katika umri wa kuzaa waelezwe mapema kwamba wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na ile mishipa ya miguu? Hutazamwa upya moyo ukishatulia. Kwa baadhi, hupungua yenyewe. Kwa wengine, vilango vya mguuni navyo vimeshaharibika, na hapo daktari huamua kama soksi au tiba ya mshipa sasa ni salama.

Uvimbe mwingine usichanganywe na huu

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya vena ya chini. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mguu huo usichuliwe. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Matende nayo huvimbisha mguu, lakini chanzo chake ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na ngozi huwa nene na ngumu. Figo na ini vikiugua pia huvimbisha miguu. Kutofautisha haya ni kazi ya mtaalamu.

Mshipa uliovimba ukipasuka, mlaze mgonjwa, inua mguu juu, bonyeza kwa nguvu mahali panapotoka damu kwa kitambaa safi bila kuachia, kisha mpeleke kituo cha afya. Usifunge kamba juu ya goti.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye miguu iliyovimba aende zahanati aseme yote, pamoja na habari ya pumzi, usingizi na homa za viungo alizopata utotoni, hata kama ameulizwa habari ya miguu tu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita majumbani waulize mambo hayo matatu. Walimu wawafuatilie wanafunzi wenye maumivu ya viungo yanayohama na wale walio kwenye sindano za kila mwezi.

Gharama isiwe sababu ya kukaa nyumbani kimya. Sera ya nchi imetoa msamaha kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiokuwa na uwezo. Mtu mwingine asiyeweza kulipia amwone afisa ustawi wa jamii, akianzia kwa mtendaji wa kijiji chake kwa ajili ya barua ya utambulisho. Aliye na bima afuate ngazi za rufaa, kwa kuwa kuruka ngazi bila dharura kunaweza kumfanya adaiwe malipo yote.

Ndugu wananchi, mguu uko mbali na moyo kwa macho, lakini kwa damu ni njia moja. Yeyote aliye na miguu iliyovimba nyumbani kwake, au kwa jirani yake, asisubiri mkutano mwingine kama huu. Aende zahanati wiki hii, na akifika aombe mambo mawili: mguu utazamwe, na moyo usikilizwe.